Pamba na Zawadi kwenye Bafu la Mama Mkwe

Haya namwandikia mtu mmoja tu: yule aliyerudi nyumbani kutoka hospitali na mfuko umebandikwa tumboni, na tayari ameshajichagulia chumba cha kujifichia. Wengine wakisoma ni sawa, lakini siongei nao. Wewe uliye chumbani, nisikilize. Mimi nilikaa chumba hicho kabla yako, na ufunguo nilikuwa nao mwenyewe.

Kwanza unijue. Mimi ni fundi wa makochi. Shule niliiacha darasa la nne pale Biryogo, hapa Kigali, nikaanza kubeba masponji kichwani kwa mafundi wa watu, nikilipwa chai na chapati. Leo nina karakana yangu Kibagabaga na nyumba yenye vigae kila chumba, na sikuomba hata msumari kwa mtu. Kule Nyarutarama kuna majumba siwezi kuyataja, lakini wakubwa wanaoishi humo wanakaa juu ya kazi yangu. Nikipita na gari naangalia geti, nasema moyoni: humo ndani kuna spring zangu. Watu wananiita Patron, yaani bosi, na mimi naitika.

Basi Mungu akanishika papo hapo. Mtu aliyewakalisha wengine, ugonjwa wake ukawa mahali pa kukalia. Niliona damu nikasema bawasiri, nikanunua mizizi, nikapaka mafuta. Nilichelewa, na hilo sina zaidi la kulisema. Saratani ilikuwa mwisho kabisa wa utumbo, pale inapotokea haja kubwa. Ona hata sasa ninavyozunguka nisipataje kwa jina.

Siku ya kwanza ya vipimo nilikuta ukumbi wa kusubiria umejaa. Viti vya chuma, baridi, vimeunganishwa mstari mmoja. Nikasimama ukutani. Dada mmoja mwenye bahasha kubwa ya picha akasogea, akapiga kiti kwa kiganja.

"Kaka, kaa basi, nafasi iko."

"Hapana dada," nikamwambia. "Mimi sikuja kutibiwa. Nimekuja kuangalia hivi viti. Wanataka nivivalishe."

Ulimi wangu ndio huo. Nikatoa futi ya fundi mfukoni, maana siachani nayo, nikaanza kupima. Ukumbi wote ukaamka.

"Mungu awabariki," akasema mzee mmoja mwenye kofia ya sufu. "Waambie waweke sponji nene. Mimi nakuja hapa kila wiki, makalio yamekwisha."

"Na ya mgongo, fundi, usisahau."

"Rangi isiwe nyeupe. Itachafuka mara moja."

Nikawa nawajibu wote, nikainama kupima kimo cha kiti huku maumivu yananipanda mpaka shingoni. Hapo mlango ukafunguliwa, muuguzi akaita jina langu kamili, la baba na la babu, kisha akauliza kwa sauti ya kazi yake: "Kile choo tulichokuambia ulete kwenye kikopo, umekileta?"

Nilikuwa nacho. Kilikuwa kwenye koti, mfuko ule ule nilimotolea futi.

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniua. Yule dada aliokota futi iliyonidondoka, akaikunja vizuri, akanipa. "Nenda fundi," akasema. "Tutakutunzia nafasi." Nilipotoka nikakuta bahasha yake imewekwa juu ya kile kiti, na mzee wa kofia anakilinda. Sikukaa. Nilipita nikiangalia sakafu.

Daktari alinieleza kwa Kinyarwanda cha taratibu. Wataondoa kile kipande chote, chini watashona pafungwe kabisa, na choo kitatokea tumboni upande wa kushoto, kwenye mfuko, mpaka mwisho wa maisha yangu.

"Na nitakaa juu ya nini?" nikamuuliza.

"Utakaa tu, muzehe. Si mara moja, lakini utakaa."

Walinipasua mvua za masika zilipoanza. Mambo ya upasuaji sitayaeleza kwa sababu nililala. Nitakueleza nilipoamka. Niliinua shuka nikaona kinyama chekundu kimetokeza tumboni, kina maji maji, kama nyanya iliyomenywa, na juu yake mfuko wa plastiki unaoonyesha vilivyomo. Kile kinyama hakina adabu. Hakijui mgeni wala sala. Kikitaka kutoa hewa kinatoa, na kinatoa kwa sauti. Mwanamume anaweza kujibana tangu utotoni mpaka uzeeni, huko ndiko kulelewa kwenyewe. Mimi nilinyang'anywa hicho kitu asubuhi moja.

Kukaa sikuweza. Nililala ubavu, nikisimama nilisimama kama farasi. Nilipopata nguvu kidogo niliagiza vipande vya sponji kutoka karakana, ile ngumu na ile laini, nikakata mto wenye mfereji katikati ili mshono usiguse kitu. Huo mto, nakuambia bila aibu yoyote, haujatengenezwa na kiwanda. Nikakaa juu yake dakika chache nikatokwa na machozi ya raha. Kama unauhitaji, mwambie fundi yeyote wa makochi: ngumu chini, laini juu, mfereji mbele mpaka nyuma, kitambaa cha pamba.

Nyumbani alikuwepo mama mkwe. Mke wangu Zaina alikuwa ameachiwa karakana, mafundi na madai ya wateja, na binti yetu Nasra ameolewa Kampala, hivyo mama yake Zaina akaja kutoka Kabuga kunihudumia. Sasa lazima nieleze kwa wasio wa kwetu. Mama mkwe si mtu wa kukuhudumia. Kwa miaka yote ya ndoa sijawahi kukaa mbele yake bila shati kufungwa vifungo. Sijawahi kutafuna akiniona bila kugeuza uso kidogo. Akiingia nasimama, akiongea naangalia mikono yangu. Yeye naye hivyo hivyo, ananiita Baba Nasra kana kwamba anaongea na kiongozi wa mtaa.

Basi wiki moja baada ya kutoka hospitali walikuja wageni kunipa pole. Nimeegemea kochi langu la kifahari, lile nililoshona mwenyewe kwa kitambaa cha rangi ya zabibu, kuwaonyesha kwamba Patron bado yupo. Mama mkwe akainama kunipa kikombe cha uji. Nikanyoosha mkono, na mfuko ukabanduka.

Sitaki kuandika vilivyomwagika wapi. Shati lilipanda, na mama mkwe wangu akaona tumbo langu, na kinyama, na kila kitu, na kinyama kikaongea. Wageni wakaanza kuangalia dari. Yeye ndiye aliyechukua kanga begani mwake akanifunika, na mikono yake ikachafuka. Mikono ya mama mkwe.

Jioni ile ile nilihamia nyumba ya nyuma.

Tuna kachumba nyuma ya jiko nilikokuwa naweka mabaki ya vitambaa. Nikaweka kitanda na ndoo. Zaina alisimama mlangoni.

"Baba Nasra, unafanya nini?"

"Nitakaa huku mpaka nipone."

"Mpaka upone nini? Daktari kasema mfuko ni wa maisha."

Nilianza kuwasha udi. Sisi watu wa Biryogo udi ni wetu, tumeurithi kwa wazee waliokuja na misafara ya biashara kutoka pwani. Bibi harusi anafukizwa, nguo za Idi zinafukizwa. Mimi nilifukiza kila kitu. Chetezo kilikaa chini ya kitanda, shuka zikafukizwa, mashati, mimi mwenyewe nikasimama juu ya moshi miguu imepanuliwa kama nakauka. Sahani ya chakula iliachwa kizingitini, nikisikia nyayo zimeondoka ndipo natoka. Msikitini niliacha kwenda. Shehe alikuja mwenyewe, akaniambia aliye na udhuru anatawadha kila wakati wa swala unapoingia, anaswali, yaliyobaki anamwachia Mola. Nikaswali humo ndani. Kwa hiyo kwa Mungu ruhusa nilikuwa nayo. Kwa mama mkwe bado.

Katika chumba hicho nilimkuta Pamba.

Pamba ni sungura dume, mweupe, aliyehasiwa. Alikuwa wa Mama Keza, mteja wangu wa Nyarutarama, Mnyarwanda aliyekulia Tanzania. Alipohamishiwa kazi Arusha alinikabidhi. "Kaka, nakuamini, umtunze," aliniambia, na mimi nikamwambia asiwe na wasiwasi, huku naangalia mapaja ya sungura. Nilikuwa nimepanga kumla. Ugonjwa ndio uliomwokoa. Huyu Pamba alikuwa amezoea zulia, anajisaidia kwenye boksi lake kwa heshima kuliko mimi. Mfuko ukiunguruma ananyanyua sikio moja, anashusha, anaendelea kutafuna. Katika nyumba yote ndiye kiumbe pekee ambaye hakuangalia dari.

Dripu za dawa ya saratani zikaanza. Kila baada ya wiki mbili nakwenda hospitali, nalazwa kwenye kiti chao, dawa inaingia taratibu. Wengine watakuambia juu ya kutapika. Mimi nitakuambia juu ya baridi. Ukigusa kitu cha baridi baada ya dawa ile, vidole vinachomwa kama umeshika waya wa umeme. Maji ya bomba siwezi. Kitasa cha mlango asubuhi ya mvua, lazima nikishike kwa soksi. Halafu vidole vikaanza kufa ganzi. Mimi, ambaye nilikuwa napitisha sindano ya kochi gizani, nilijidunga nikaona damu kwanza ndipo nikajua.

Baada ya dripu ya tatu alikuja Rajabu, rafiki yangu muuza vitambaa wa Kabuga. Yeye hakubisha hodi. Akaingia akakohoa kwa moshi wa udi, akaweka chini kikapu kilichofungwa kamba.

"Patron, huyu ni wa supu. Supu ya sungura haiko na mafuta. Utasimama kama kijana."

Ndani mlikuwa na jike la kahawia, masikio wima, jicho kali. Nikamtazama, nikamtazama Pamba, nikaona siwezi. Nikasema tumwite Zawadi, akae na mwenzake.

"Wataelewana?" Rajabu akauliza.

"Mimi," nikamwambia, "nimeweka karakana moja Mkongomani, Mganda, Mrundi na watu wa hapa hapa, kila mmoja na mkasi mkononi. Wewe unaniuliza habari ya sungura wawili?"

Nikamtoa Zawadi kikapuni nikamtupia kwenye boksi la Pamba.

Kama hujasikia sungura akipiga kelele, omba usisikie. Ni sauti ya mtoto. Walikamatana wakawa gurudumu moja, manyoya yanapanda juu kama sponji iliyochanwa. Niliinama kuwatenganisha, mshono ukanivuta, nikabaki nimeshika ukuta. Rajabu ndiye aliyewaamua kwa kikapu. Sikio la Pamba lilikuwa limepasuka.

"Sha, mwenzangu, karakana imefungwa," Rajabu akasema. Kisha akaniona uso, akaniuliza maji yako wapi.

Kesho yake, kana kwamba alihisi, Mama Keza akapiga simu kutoka Arusha. "Kaka, Pamba wangu hajambo?" Nikasema hajambo. Nikasema tena hajambo sana. Akauliza mbona nasema mara mbili. Ikabidi nimwambie.

"Jamani kaka. Umemtupia mgeni kitandani kwake? Wewe ungekubali?"

Akanieleza, na wewe mwenye sungura chukua hapa. Wakae kila mmoja na banda lake, mabanda yatazamane, lakini kwa nafasi, wasifikishiane meno. Kila siku kitambaa alicholalia huyu apewe yule, na majani vivyo hivyo, mpaka wazoeane harufu kabla ya kuzoeana ngozi. Kisha wakutane kwa muda mfupi mahali ambapo si pa huyu wala pa yule, ambapo hakuna kati yao aliyewahi kukanyaga. Wakifukuzana kidogo waachwe, wakikamatana watenganishwe kwa ufagio, si kwa mkono. Na kila siku tena.

Vitambaa ninavyo vya kutosha Kigali nzima. Nikavibadilisha kila asubuhi. Na kwa akili yangu, kwa kuwa shida yao ni harufu, nikaona niwasaidie: nikavifukiza kwa udi. Nikawafukiza na wao wenyewe, chetezo chini ya banda, wapate kunukia wote sawa. Unaona mtu alivyo.

Ikabaki kupata mahali pa kuwakutanisha. Chumba kile chote kilikuwa cha Pamba. Uani Zawadi alishakula majani kila kona. Ndani ya nyumba sebule ina makochi, na sungura kwenye makochi yangu hapana. Palibaki mahali pamoja tu pasipo na alama ya mnyama, pana vigae, panafungika: bafu la wageni. Na mgeni mwenye bafu hilo alikuwa mama mkwe.

"Mwambie mama yako," nikamwambia Zaina akiwa upande wa pili wa mlango.

"Mwambie mwenyewe."

"Zaina."

"Mimi nashinda nagombana na mafundi wako, narudi naongea na mlango. Mwezi wa pili huu. Nimechoka kuongea na mlango, Baba Nasra. Unataka bafu, kaombe bafu."

Akaondoka. Nilivaa mashati mawili, nikajifukiza mpaka macho yakanitoka machozi, nikavuka uani. Ni hatua chache. Nilizipiga kama mtu anayepelekwa mahakamani. Mama mkwe alikuwa jikoni anachambua mchele. Nikasimama nje ya mlango, nikaongea na ukuta.

"Mama, samahani. Nilikuwa naomba, kama hutajali, kwa muda mfupi, bafu lako. Kwa ajili ya sungura."

Mchele ukanyamaza kwenye ungo.

"Wanaoga?"

"Hapana Mama. Wanatambulishana."

"Ah," akasema. Na baada ya kufikiri: "Basi wakitambulishwa lazima awepo mzee. Walete."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mimi nimekaa juu ya mto wangu wa mfereji, mgongo kwenye vigae, soksi mikononi kwa ajili ya baridi. Yeye kwenye kigoda mlangoni na ufagio magotini. Katikati yetu sungura wawili. Hatukuangaliana, na hapakuwa na sababu ya kuangaliana, maana kila mmoja alikuwa na kazi ya kuangalia sungura.

Siku za kwanza zilikuwa vita. Zawadi anamfukuza Pamba, Pamba anateleza kwenye vigae, ufagio unaingia. Ilikuja dripu, nikakosa siku, tukarudi. Tena vita. Na mfuko wangu nao, sakafuni pale, kuta za vigae, kila mlio unarudi mara mbili. Mara ya kwanza ulipounguruma nilitamani vigae vinimeze. Nilifumba macho.

Nikasikia mama mkwe anasema kwa ukali: "We Zawadi. Adabu."

Nikafumbua macho. Alikuwa anamnyooshea sungura kidole. Uso wake haukuwa na kitu.

Tangu siku ile kila sauti ilikuwa ya Zawadi. "Zawadi, mbele ya wakubwa?" "Zawadi, leo umekula maharage." Masikio yangu yalikuwa yanawaka moto. Anajua, najua, sungura anajua. Lakini nilikuwa narudi kesho yake.

Mvua zilipokwisha, vumbi la kiangazi likaanza, bado walikuwa wanapigana. Nikampigia Mama Keza, nikamwambia nimefanya yote, hawa wana roho mbaya tu. Akauliza moja baada ya jingine. Mabanda? Ndiyo. Ufagio? Ndiyo. Vitambaa? Ndiyo, na navifukiza vizuri.

"Unavifanya nini?"

"Navifukiza. Na wao wenyewe. Kwa udi."

"Kaka," akasema, "kila siku unawatambulisha watu waliovaa barakoa. Watajuana vipi? Fua vitambaa vyote. Acha udi. Na wewe unayewashika, mikono yako, nguo zako, acha udi. Wanusane walivyo."

Nilikata simu nikakaa kitandani. Kuacha udi wa sungura ilikuwa rahisi. Lakini mimi? Mimi ndiye ninayewabeba, nawapakata, na nguo zangu zilikuwa moshi mtupu. Nilijinusa bila udi. Wewe mwenye mfuko unaijua harufu ninayosema. Haiko kila wakati, na mfuko ukibandikwa vizuri pengine haipo kabisa, lakini puani mwako inakaa daima. Nilikaa siku mbili sikuwapeleka. Siku ya tatu sauti ya mama mkwe ikaja mlangoni, mahali ambapo hakuwahi kufika.

"Baba Nasra. Sungura wanasubiri, na mimi nasubiri."

Nikasugua mikono kwa maji ya moto na sabuni ya kufulia. Nikabadilisha mfuko. Nikavaa shati lililoanikwa juani, lisilofukizwa. Nikavuka uani nimewabeba sungura, kila mmoja kwenye kikapu chake, na nakuambia ukweli, siku ya kupelekwa upasuaji sikuogopa vile.

Tukakaa. Mlango ulikuwa wazi lakini upepo haukuwepo. Mama mkwe aliinua pua kidogo, nikamwona kama sungura wa tatu.

"Leo hukujifukiza," akasema.

"Sikujifukiza, Mama. Nisamehe."

"Afadhali," akasema. "Moshi wako ulikuwa unanitia mafua. Toka mvua mpaka kiangazi napenga kamasi, nikasema nimeletwa kwa mkwe nife kwa udi."

Halafu akaangalia mikono yake mwenyewe, ile mikono.

"Mimi nimemzika mume, nimewaogesha dada zangu wawili mpaka mwisho. Unafikiri sijui mtu ananukaje? Zaina alikuwa analia sebuleni, wewe uko nyuma na chetezo. Nikasema huyu mkwe wangu ana majivuno mpaka ya ugonjwa."

Niliona aibu kuliko siku ya uji, aibu ya aina nyingine, maana ile ya kwanza ilikuwa ya tumbo na hii haikuwa ya tumbo. Tukaangalia sungura. Walikuwa kila mmoja pembe yake, wameshikilia kujisafisha, kana kwamba mwenzake hayupo. Mama Keza alisema kupuuzana ni dalili nzuri. Mimi niliona ni dharau tu.

Ikachukua muda tena. Kwanza nikawapa karoti mbili, kila mmoja na yake, kisha moja tu nikaiweka katikati. Kiangazi kikakomaa, dripu ya mwisho ikawa imekwisha na vidole bado vimekufa. Mchana mmoja Pamba akajisogeza, akainamisha kichwa mpaka sakafuni mbele ya Zawadi, akangoja. Akangoja sana. Mama mkwe akashika ufagio. Zawadi akanusa kichwa, akanusa sikio lile lililopasuka, alilolipasua yeye, akaanza kulilamba.

Mama mkwe akaweka ufagio chini. Akapenga kamasi kwenye kanga. "Mafua," akasema, na udi nilikuwa nimeshaacha zamani.

Mama Keza alifurahi mpaka akapiga kelele kwenye simu. Akatoa agizo la mwisho: wasirudishwe kwenye banda la mmoja wao. Wapewe makao mapya, makubwa, yaliyosuguliwa, waingie wote pamoja siku moja. Nikamwambia Zaina sina mahali kama hapo.

"Unapo," akasema. "Kile chumba cha nyuma. Kisuguliwe."

"Na mimi?"

Zaina alikuwa ameshika daftari la karakana na kalamu sikioni, amekonda, amekuwa bosi. "Wewe ni sungura?" akauliza. Akaenda kuita vijana watoe kitanda.

Sitakudanganya kwamba aibu iliisha. Usiku wa kwanza chumbani kwetu nililala pembeni kabisa kama mgeni. Mara mbili nilibandika vibaya, tukabadilisha shuka pamoja, Zaina anavuta pembe moja na mimi nyingine, mimi nikiomba radhi, yeye akiniambia nishike vizuri, vidole vyangu vinaachia. Msikitini nimerudi, nasimama safu ya mwisho karibu na mlango. Ukumbi wa kusubiria nao nimerudi kwa vipimo. Nakaa. Nakuja na mto wangu kwapani, na mgonjwa akiuliza nakuja kufanya nini, namwambia. Naangalia sakafu, lakini namwambia.

Siku ambayo mama mkwe alikuwa anarudi Kabuga, Zaina alipika wali na mbuzi, tukakaa mezani watu watatu. Mimi na mama mkwe meza moja, tunatafuna. Sungura walikuwa kwao nyuma ya jiko, milango miwili katikati yetu na wao. Nimeinua kijiko, mfuko ukaunguruma, mrefu, wa kutosha kusikika uani.

Zaina akaacha kutafuna. Mimi nikaangalia mikono yangu.

Mama mkwe hakuinua macho kwenye sahani yake.

"Zawadi huyo," akasema. "Baba Nasra, nipitishie chumvi."

Nikampitishia.